Nimekataliwa mkopo wa kununua kiwanja kitupu. Kumbe benki haiogopi kiwanja, inaniogopa mimi

#1 Jembe Butu (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, mwenye kiti akae.

Nilipata kiwanja. Kitupu kabisa: majani na kichuguu kimoja katikati. Nina ajira, sina deni la mtu, na akiba yangu inafika robo ya bei. Nikajiambia, kama watu wanapewa mkopo wa nyumba kwa kutanguliza asilimia 10 au 20, mimi wa kiwanja nitakosaje? Kiwanja hakina bati la kuvuja, hakiungui moto, hakibebwi na mwizi usiku. Dhamana gani tamu kuliko hiyo? Nikampa muuzaji arbuni, yaani pesa ya kukishikilia, nikaingia benki kifua mbele.

Afisa mikopo alinisikiliza vizuri, anaandika, anatikisa kichwa, mpaka nilipotamka neno "kitupu". Akaweka kalamu chini. Kuanzia hapo maswali yakabadilika. Unajenga lini? Una michoro? Barabara inafika? Unayo dhamana nyingine? Nikajibu ukweli: nataka kwanza kiwe changu, kujenga nitajua mbele ya safari. Akaniambia kwa upole nitafute angalau nusu ya bei, na hata hapo muda wa kulipa hautazidi miaka michache, na riba itakuwa juu ya ile ya nyumba.

Halafu mthamini wao akaenda kwenye eneo. Ripoti yake ndiyo ilinimaliza: thamani aliyoandika iko chini ya bei niliyokubaliana na muuzaji, na chini kabisa kaongeza mstari mmoja kwamba ile njia ninayopita kuingilia si barabara, ni uchochoro ndani ya ardhi ya jirani.

Ombi likakataliwa. Muuzaji naye kagoma kurudisha arbuni, anasema mkataba haukutaja habari za benki. Na ni kweli haukutaja, mimi mwenyewe niliusaini.

Nimekuja hapa na maswali mawili. Moja, kwa nini benki ina moyo mgumu hivi na ardhi tupu? Mbili, aliyefanikiwa kukopa akanunua kiwanja alipitia mlango gani?

#2 Kiti cha Nyuma

Nakaa hapa, nasubiri wajuzi.

#3 Kalamu Nyekundu

Mkuu Jembe Butu, pole. Nimekaa upande ule wa meza miaka mingi kabla sijastaafu, acha nikufungulie kabati.

Watu hudhani benki inaidharau ardhi tupu. Hapana. Ardhi ndiyo mama wa dhamana zote. Tunayemwogopa ni mkopaji. Mtu akibanwa, kazi imekatika, mgonjwa yuko ndani, anapanga madeni yake kwenye foleni. La kwanza atakalolipa ni la paa analolala chini yake. Kiwanja cha majani kinasimama mwisho kabisa wa foleni hiyo, kwa sababu kikiuzwa hakuna anayelala nje. Hilo halihitaji uchawi kulijua, kila afisa mikopo ameliona kwenye mafaili yake. Mwenye nyumba atauza gari aikomboe nyumba. Mwenye kiwanja atasema "wachukue tu", na simu anaizima.

Jambo la pili ni kuuza. Nyumba ikifika mnadani inao wanunuzi wa kila aina: wa kuishi, wa kupangisha, wa kukarabati na kuuza tena. Kiwanja kitupu mnunuzi wake ni yule mwenye pesa taslimu na subira, maana asiye na taslimu akienda kukopa atakutana na meza ileile iliyokukataa wewe. Ndiyo maana mthamini huandika thamani mbili, ya soko na ya kuuza kwa haraka. Kwenye nyumba nzuri hizo mbili hukaa jirani. Kwenye kiwanja zinaweza kupishana sana, na benki jicho lake liko kwenye ile ndogo.

Tena hakiingizi kitu. Nyumba ikikushinda unaipangisha, kodi inasaidia rejesho. Kichuguu hakina mpangaji.

Sasa usifikiri ni roho mbaya ya benki moja. Marekani, wasimamizi wa mabenki walitoa mwongozo ulioanza kutumika 1993: mkopo wa ardhi ghafi usizidi asilimia 65 ya thamani, ardhi inayowekewa miundombinu 75, na mali iliyokwisha kuendelezwa 85. Tazama ngazi hizo. Kiwanja ni kilekile, lakini kadiri kitu kinavyoongezeka juu yake ndivyo mkopeshaji anavyolegeza mkono. Benki nyingine duniani zina ngazi zao na namba zao, ila mpangilio ni huohuo.

Kwa hiyo siku ukirudi benki usiseme "nataka kununua ardhi". Pori lisilo na mpaka wala huduma lina mlango wake, na mara nyingi umefungwa. Kiwanja kilichopimwa, chenye barabara na umeme jirani, kina mlango mwingine. Kiwanja chenye michoro iliyopitishwa na kibali cha ujenzi kinaingia mlango mpana kuliko yote, kwa sababu hapo benki haikopeshi majani, inakopesha nyumba ambayo bado haijasimama.

Ulipoulizwa "unajenga lini?" ukajibu "mbele ya safari", mkuu, hapo ndipo ulipojikata mwenyewe. Kalamu ilishawekwa chini kwa neno "kitupu", na jibu hilo likaifanya isirudi mkononi.

#4 Jembe Butu

Mzee Kalamu Nyekundu, shikamoo. Umenionyesha kioo. Ila hili la mthamini bado linanichoma. Bei nimekubaliana mimi na muuzaji, tumeridhiana wawili, yeye anaingiliaje?

#5 Kalamu Nyekundu

Marahaba. Wewe na muuzaji mmekubaliana bei, ila pesa ni ya benki. Kanuni ni kwamba asilimia inahesabiwa kwa kile kilicho kidogo kati ya bei na tathmini.

Chukua mfano. Bei 1,000. Benki inakopesha asilimia 60. Wewe umeandaa 400, moyo umetulia. Mthamini anakuja na 800. Asilimia 60 ya 800 ni 480. Muuzaji bado anataka 1,000 yake, kwa hiyo unatakiwa uwe na 520 mkononi. Zile 120 zilizoongezeka hukuziota, na huna siku nyingi za kuzitafuta.

Kwenye nyumba mthamini ana pa kushika: vyumba, gharama za kujenga, kodi inayolipwa. Kwenye ardhi tupu anashika kitu kimoja tu, bei za viwanja vilivyouzwa karibuni jirani na hapo. Mahali ambapo mauzo ni machache au watu hawaandiki bei ya kweli kwenye mikataba yao, atakwenda chini ili ajilinde. Angekuwa mzazi wangu ningemlaumu. Kwa vile ni kazi yake, sina la kumlaumu.

#6 Mzee wa Bikoni

Mimi ni mpima ardhi. Kuna mstari mmoja wa mleta uzi watu wameuruka: uchochoro ndani ya ardhi ya jirani.

Nduguzanguni, kiwanja kisicho na njia ya kisheria ni kisiwa. Leo jirani ni mtu mwema, mnasalimiana, mnapita. Kesho anauza kwa mtu mwingine, huyo anajenga ukuta. Utatua mizigo ya matofali wapi? Haki ya njia lazima iwe imeandikwa na kusajiliwa, iwe kwenye ramani ya upimaji. Maneno ya "tumepita hapa miaka yote" yana nguvu yake mahakamani baadhi ya mahali, lakini benki haikopeshi kwa kutegemea kesi.

Nikienda kwenye kiwanja naanza na bikoni, yale mawe ya mpaka. Zote zipo? Namba zake zinalingana na ramani? Mara ngapi nimekuta jiwe moja limehamishwa hatua mbili tatu, kwa bahati mbaya au kwa bahati nzuri ya mtu fulani. Ukubwa uliouziwa kwa mdomo na ukubwa unaotoka kwenye kipimo ni ndugu wasiofanana. Kisha natazama maji yanaelekea wapi mvua ikinyesha. Kiwanja bapa cha kupendeza wakati wa kiangazi kinaweza kuwa bwawa masika. Udongo pia: mfinyanzi mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka utakula msingi wako, na mthamini mzuri anaujua kwa macho tu.

Halafu daftari. Nendeni wenyewe ofisi ya usajili, au mtumeni wakili wenu, siyo wa muuzaji. Zipo nchi zinazofuata mfumo ulioanzia Australia Kusini mwaka 1858, ambako jina lililo kwenye daftari la serikali ndilo lenye nguvu na karatasi ya mkononi ni kivuli chake. Kwingine umiliki unathibitishwa kwa mnyororo wa mikataba ya nyuma, na kiungo kimoja kikikatika umekwisha. Jua uko kwenye mfumo upi kabla ya kutoa hata senti. Angalia kama kuna rehani ya mtu mwingine juu yake, kama kuna zuio lililosajiliwa kumzuia mwenye hati asiuze, kama kodi ya ardhi imelipwa. Na kama ni ardhi ya kupangishwa kwa miaka maalumu, hesabu imebaki mingapi, kwa sababu hakuna benki itakayokupa mkopo unaoishi muda mrefu kuliko hati yenyewe.

Matumizi yaliyopangwa vilevile. Kiwanja cha bei rahisi kinachoitwa "cha makazi" kwenye mdomo wa dalali kinaweza kuwa hifadhi ya barabara kwenye ramani ya mipango.

#7 Taslimu Tu

Samahani nitawaudhi. Yaani mtu mzima anakopa kwa riba ili anunue majani? Nyumba unalala ndani, gari unapanda, kiwanja unakitazama tu huku unalipa! Hata Waingereza neno lao la mortgage limetoka Kifaransa cha kale, maana yake rehani mfu. Wameshakwambia kwenye jina lenyewe. Weka akiba, nunua taslimu, lala usingizi.

#8 Kalamu Nyekundu

Taslimu Tu, kuhusu neno uko sahihi, ila maelezo ya wanasheria wao wa zamani ni haya: kitu kinakufa kwa mmojawapo. Ukilipa, haki ya mkopeshaji juu ya ardhi imekufa. Usipolipa, ardhi imekufa kwako. Kifo kipo, ni cha nani ndiyo swali.

#9 Mama Daftari

Kaka Taslimu Tu ana hoja ila kaisema kwa ukali, acha niiweke kwa hesabu. Mimi ni mhasibu, sina maneno mengi.

Chukueni kila 1,000 unayokopa, riba asilimia 12 kwa mwaka, inayohesabiwa kwenye salio linalopungua, yaani deni lililobaki tu, rejesho kila mwezi.

Miaka 5: unalipa 22.24 kwa mwezi, jumla 1,335.
Miaka 10: 14.35 kwa mwezi, jumla 1,722.
Miaka 20: 11.01 kwa mwezi, jumla 2,643.

Benki ikikubana kwenye miaka mitano usilie sana, kwa jumla imekuokolea pesa. Shida ni kwamba rejesho la mwezi ni mara mbili ya lile la miaka 20, na hilo ndilo linalokaguliwa dhidi ya mshahara wako. Wengi hawakataliwi kwa sababu ya kiwanja, wanakataliwa kwa sababu rejesho fupi limezidi sehemu ya kipato ambayo benki inaruhusu iende kwenye madeni.

Sasa mtego ambao nimeuona kwa macho yangu. Mkopo wa ardhi wakati mwingine huandikwa hivi: rejesho linahesabiwa kana kwamba ni la miaka 20, ila salio lote linadaiwa kwa mkupuo mwisho wa mwaka wa tano. Mteja anaona 11.01 kwa mwezi, anafurahi, anasaini. Baada ya miezi 60 ametoa 661. Salio lililobaki? 917. Narudia, mia tisa kumi na saba kati ya elfu moja. Miaka ile ya mwanzo karibu chote unacholipa kinakwenda kwenye riba. Siku ya mkupuo unatakiwa uwe na pesa, au uwe umeanza kujenga ili ukope upya kwa masharti ya nyumba, au uuze. Ukiwa huna hata kimoja kati ya hivyo, umewatunzia wengine kiwanja chao.

La pili, ulizeni riba ni ya salio linalopungua au ni ya bapa, yaani ile isiyopungua inayopigwa kwenye deni la mwanzo hadi mwisho. Asilimia 12 ya bapa kwa miaka 5 ni riba ya 600 juu ya 1,000, unalipa 26.67 kwa mwezi badala ya 22.24. Ukiigeuza iwe ya salio linalopungua inazidi asilimia 20. Tangazo litaandika 12 kote kuwili.

Na ongezeni gharama za pembeni: ada ya mkopo, mthamini, wakili, ushuru wa stempu, usajili wa rehani, bima ya maisha ya mkopaji. Hizi hazikopeshwi mara nyingi, zinatoka mfukoni, tena kabla hujapewa chochote. Kama akiba yako yote umeihesabu kuwa ya kutanguliza, umeshapungukiwa.

#10 Kiti cha Nyuma

Mama Daftari, 917?? Nimerudia na kikokotoo mara tatu. Ni kweli. Nimeishiwa nguvu.

#11 Bint wa Pwani ya Ndani

Asalaam alaykum wapendwa. Kwa sisi tunaokwepa riba kuna njia? Au ndiyo tusubiri taslimu kama kaka alivyosema?

#12 Mama Daftari

Waalaykum salaam mdogo wangu. Njia zipo kwa benki zinazofuata sharia. Ya kawaida ni murabaha: benki inakinunua kiwanja yenyewe, kisha inakuuzia wewe kwa bei ya juu inayotajwa wazi tangu mwanzo, unalipa kwa awamu, bei haiongezeki hata ukichelewa. Nyingine ni musharaka inayopungua: mnanunua kwa ubia, unalinunua fungu la benki kidogo kidogo, na unalipia matumizi ya sehemu ambayo bado si yako.

Lakini usidhani tathmini inakwepwa. Benki hiyo nayo inamtuma mthamini na inataka njia ya kisheria, pengine kwa ukali zaidi, maana kwa muda fulani ni mmiliki kweli. Na katika murabaha uliza mapema ukimaliza kulipa kabla ya wakati unapunguziwa kiasi gani, na kama punguzo ni haki yako au ni hisani yao.

#13 Mguu Mmoja Ndani

Mimi nilikwepa benki, nikanunua kwa awamu kutoka kwa muuzaji mwenyewe. Nilitanguliza theluthi, iliyobaki miezi 24. Hakuna mthamini, hakuna fomu, tukapeana mikono na karatasi moja.

Mwezi wa 17 nikagundua hati yake iko rehani kwingine. Yeye alikuwa anachukua awamu zangu, na deni lake halilipi. Wadai wake walipokuja, mimi nilikuwa na risiti 17 na hati sina. Sikupoteza chote, wakili alipambana, lakini nilichorudishiwa kilitosha kununua hasira tu.

Kwa hiyo anayepita mlango huu: fanya upekuzi kwenye daftari kabla ya kila kitu, na urudie siku ya kusaini. Hati ikae kwa wakili mnayemwamini wote wawili hadi awamu ya mwisho, pamoja na fomu ya uhamisho iliyokwisha kusainiwa. Sajili zuio kwa jina lako ili asiweze kuuza au kukopa nyuma ya mgongo wako. Na mkataba useme wazi ukikwama mwezi wa 20 nini kinatokea. Wauzaji wengi huandika "arbuni na malipo yote yatapotea", na sisi tunasaini tukitabasamu.

#14 Taslimu Tu

Pole sana Mguu Mmoja. Ila mnaona? Mimi nilisema.

#15 Mguu Mmoja Ndani

Mkuu, hata ungenunua taslimu kwa yule mtu ungelizwa vilevile. Kosa langu halikuwa awamu, sikufungua daftari.

#16 Fundi Msomi

Nimechelewa uzi mzuri. Niseme nilivyopata mimi, maana mleta uzi aliuliza mlango.

Sikuomba mkopo wa kiwanja. Niliomba mkopo wa ujenzi unaojumuisha ununuzi wa kiwanja. Kabla sijaenda benki nilimlipa mchora ramani, nikawa na michoro, makadirio ya gharama yaliyosainiwa na mkadiriaji majenzi, na mkandarasi aliyesajiliwa. Muuzaji alikubali kunisubiri miezi mitatu kwa arbuni ndogo, na mkataba ukasema: mkopo ukikataliwa kwa maandishi, arbuni inarudi. (Jembe Butu, sentensi hiyo moja ingekuokoa.)

Benki hutoa fedha za namna hii kwa hatua. Ya kwanza inamlipa muuzaji moja kwa moja, haipiti mkononi mwako. Kisha msingi, kuta, paa, kumalizia. Kila hatua anakuja mkaguzi, akiridhika ndipo inayofuata inatoka. Uzuri wake, riba inahesabiwa kwenye kilichokwisha kutoka tu. Ubaya wake, mara nyingi unajenga kwanza kisha ndiyo unalipwa, kwa hiyo lazima uwe na pesa ya kuvukia kutoka hatua hadi hatua. Mimi nilikwama kwenye paa wiki tano kwa sababu mkaguzi alikuwa safarini, mafundi wamekaa, mvua inanyesha juu ya kuta.

Na kuna tarehe ya mwisho ya kumaliza. Usipomaliza, masharti yanabadilika. Asiye tayari kujenga asiingie humu kwa ujanja wa kupata kiwanja, atanaswa.

Mlango mwingine ni kwa mwenye nyumba tayari: anaweka rehani nyumba, pesa anaitumia kununua kiwanja. Riba nafuu, muda mrefu, benki hata haijali kiwanja kina kichuguu au hakina. Lakini fahamu umehamisha hatari. Kiwanja kikikushinda, kinachouzwa ni kitanda chako.

#17 Kalamu Nyekundu

Fundi Msomi kamaliza kazi. Nyongeza moja tu: msidanganye kwenye fomu. Kuandika "najenga ndani ya mwaka" ilhali unataka kukilalia hadi bei ipande ni kutoa maelezo ya uongo kwa mkopeshaji, na mkataba wa mkopo huwa unampa haki ya kudai deni lote siku hiyohiyo. Nimewahi kusaini barua za namna hiyo, hazipendezi kuandika.

Anayetaka kununua na kusubiri aseme hivyo, atangulize nusu au zaidi, achukue muda mfupi. Hakuna aibu. Ila ajue kiwanja kinachosubiri kinakula: riba, kodi ya ardhi, kufyeka, mlinzi au uzio wa kuzuia wavamizi. Bei lazima ipande kuliko jumla ya hivyo vyote ndipo useme umepata faida.

#18 Jembe Butu

Wakuu, mrejesho.

Kile cha uchochoro nimekiacha. Arbuni nimerudishiwa nusu, baada ya kikao kirefu na wazee wawili katikati. Nusu nyingine nimeihesabu kuwa ada ya shule hii.

Nimepata kingine, kidogo kwa theluthi moja, barabara imesajiliwa, bikoni zote nne nimezishika kwa mikono yangu nikiwa na mpimaji. Upekuzi uko safi. Safari hii nilikwenda benki na michoro ya nyumba ndogo ya vyumba viwili inayoweza kuongezwa baadaye, na makadirio. Afisa ni yuleyule. Alipofika kwenye michoro aliichukua, akaigeuza akaangalia hata upande wa nyuma, na kalamu ikabaki mkononi.

Wamekubali asilimia 60 ya tathmini, na tathmini imekuja pungufu kidogo tu ya bei. Miaka 8, salio linalopungua, hakuna mkupuo mwishoni. Nimesoma ukurasa huo mara mbili kwa ajili ya Mama Daftari. Kuna faini ya kulipa mapema miaka miwili ya mwanzo, nimejaribu kuiondoa, wamekataa.

Swali dogo kwa Mzee wa Bikoni: jiwe la kona ya kaskazini liko ndani ya shamba la mahindi la jirani, mahindi yameshafika kiunoni. Nimwambie lini?

#19 Mzee wa Bikoni

Leo. Nenda na salamu, mwonyeshe jiwe mbele ya mjumbe au shahidi mwingine, muandikishane kwamba anavuna msimu huu na msimu ujao halimi hapo. Usimng'olee hata mche mmoja. Na piga picha ya jiwe ukiwa hapo, lenye namba inayosomeka.

#20 Kiti cha Nyuma

Mkuu Jembe Butu, akivuna muombe aondoe magunzi, la sivyo mchwa watayafuata na kichuguu ulichokimbia kitakufuata.